Babu Aliyerukwa

Dada Nekesa,

Salamu kutoka Garissa, ambako jua linaupasha moto mpira wetu wa raga mpaka unaunguza viganja. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Leo mazoezini Abdi, mchezaji wangu mdogo, aligongana kichwa na mwenzake. Aliinuka akicheka. "Wallahi kocha, niko sawa!" Nilimtoa hata hivyo, nikamuuliza yuko wapi na leo ni siku gani. Alijibu vizuri, akaomba kurudi uwanjani.

Binamu yake Yusuf akasema, "Ngoja, kocha. Mwambie ataje baba zake." Watoto wa hapa hufundishwa majina ya mababu zao kabla hata ya kujua kusoma. Abdi akayataja mbio mbio, kama anaimba. Ghafla Yusuf akanishika mkono. "Ameruka moja." Tukamwambia arudie. Akamruka babu yule yule, na hakujua.

Daktari bado yuko naye ndani. Baba yake ameketi kando yangu, anayataja majina yale chini kwa chini, na kila mara anaanza na la Abdi.

Dada, mwanao Brayo akirudi kutoka mechini akisema yuko sawa, usimwamini upesi. Muulize kitu anachokijua hata usingizini. Nimekaa hapa nikiwaza kitu hicho ni kipi kwa mtoto wetu, na sijakipata. Mkumbatie kwa niaba yangu, ila kichwa ukishike taratibu.

Mdogo wako,
Wafula