Bweni Lisilo na Watu

Jumatatu, 3 Machi

Ramani ya Bi Mdogo ndiyo iliyochaguliwa na tume. Yangu imetupwa kabatini. Miaka ishirini na mbili nachora mipaka ya majimbo ya uchaguzi, leo nashindwa na mtu ambaye hajamaliza hata mwaka hapa! Mwenyekiti wa tume ameisifu mbele ya wote: majimbo yanakaribiana kwa idadi ya watu, hakuna mtaa uliokatwa, mstari haukupinda kumfuata mwanasiasa yeyote. Kama vile sisi wengine hatuijui sheria!

Wenzetu ofisini ndio waliotubatiza. Mimi Bi Mkubwa, yeye Bi Mdogo. Leo wamelirudia tena hilo, wakacheka. Nami nikacheka, moyoni nasonya.

Jumanne, 4 Machi

Bi Mdogo kaniletea chai. Eti, Dada, bila majedwali yako nisingefika popote. Anajikomba. Sukari vijiko viwili, kama ninavyopenda — nani kamwambia? Nimeinywa.

Alhamisi, 6 Machi

Humu hasomi mtu, basi niseme kweli. Ramani yake ni nzuri. Mimi soko nililipasua katikati: wauza nguo jimbo hili, wauza viatu jimbo lile, na wote choo chao kimoja. Yeye kauzungusha mstari nyuma ya soko, ukafuata reli. Mbona mimi sikuiona reli? Ipo pale tangu sijazaliwa!

Nimeikodolea macho saa nzima ya chakula cha mchana. Chakula nimekirudisha nyumbani kilivyo.

Jumapili, 9 Machi

NIMEMPATA!

Binti yangu kaja kututembelea. Nikamtandazia nakala ya ramani mezani, nipate wa kumsengenya naye Bi Mdogo. Akaweka kidole jimbo la magharibi, kwenye bweni la chuo cha ualimu alikosoma. Akashangaa mbona limeandikwa watu 1,900. Si walihamishwa wote mwaka juzi? Siku hizi pale ni ghala la mabati.

Haya sasa! Mtu huhesabiwa anakoishi. Wastani wa jimbo ni watu 60,000, na ruhusa ni kupungua au kuzidi sehemu moja ya kumi, basi. Magharibi ina 55,200. Ondoa hao 1,900 hewa, wanabaki 53,300. Chini ya kiwango! Ramani nzuri, lakini batili.

Baba watoto anasema nimwambie mwenzangu kabla ya kikao cha wananchi Jumatano, maana ramani ikishapitishwa haiguswi miaka kumi. Nimemjibu tutaona. Nimeosha vyombo nikiimba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua faili nichukue ushahidi. Jedwali la mabweni, kambi na magereza. Bweni la chuo: 1,900. Chini yake: "Nimefika na kuhakiki." Na sahihi.

Yangu.

Sikufika. Ilikuwa mvua, goti linauma, nikanakili jedwali la zamani nikiwa nimekaa kitini. Na binti yangu alikuwa keshahama — godoro lake nililibeba mwenyewe kichwani! Mkono uliandika, akili ilikuwa likizo. Hata ramani yangu ya kabatini ina wanafunzi hao hao. Mkuki kwa nguruwe.

Miaka miwili nistaafu. Mungu wangu.

Jumanne, 11 Machi

Sikusema. Chai yake leo nimeimwaga.

Jumatano, 12 Machi — ukumbini, mapumziko

Naandika upesi. Ukumbi umejaa. Kasimama fundi cherehani mmoja, kibanda chake kinatazamana na bweni, ila yeye yuko ng'ambo ya barabara, jimbo la mashariki. Kasema mwaka wa pili huu hajamshonea mwanafunzi hata kifungo. Mashariki wamebanana, magharibi wamejaziwa watu ambao hawapo. Kisha akauliza, "Kura yangu iwe nyepesi kuliko ya jirani kwa sababu ya ghala la mabati?"

Bi Mdogo akafungua faili. Akaiona sahihi. Nilimwona akiiona! Akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Akashika kipaza sauti.

"Ramani ni yangu. Ilinipasa kwenda kuangalia mwenyewe. Kosa ni langu."

Wakampigia makofi! Kwa kosa langu! Hata hilo kanipora!

Mwenyekiti kanipitia sasa hivi hapa kitini. Bi Mdogo anapelekwa masijala kupanga mafaili. Ramani itachorwa upya, na nitakayeichora ni mimi. Mimi! Kanipa mkono. Nilichokililia wiki nzima hiki hapa.

Kengele. Watu wanarudi kwenye viti. Faili bado liko wazi pale mbele, ukurasa ule ule.

Mwenyekiti ananiita mbele, anitangaze. Aliyeanza kupiga makofi ni Bi Mdogo.