Tembo Aliyesikia Harufu ya Maandazi

Safed, 3 Desemba 1963

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na kikohozi cha baba kimepoa. Sisi wazima. Mwezi mzima wa ndoa, na bado nikisikia viatu vya Elkana ngazini moyo unanienda mbio. Jana kaniletea komamanga kwenye mvua, kalificha ndani ya koti kama mwizi. Mama, nimependwa.

Shida ni Tirtsa tu. Katika watoto wa Elkana, Nadav, wa miaka minne, ameshanipanda mgongoni. Lakini yeye, dada mtu wa miaka sita, ananiita "wewe". Wiki ijayo ni Hanuka, siku zetu nane za mishumaa, na kisa cha Hanuka alikuwa akiwasimulia marehemu mama yao. Mwaka huu ni mimi. Natamani Tirtsa aketi nasi. Nifanyeje?

Binti yako,
Zohara

Dimona, 6 Desemba 1963

Zohara mwanangu,

Mgongo ni uleule, na baba yako anakohoa akitaka chai tu. Nimemsomea habari za komamanga. Kasema mimi aliniletea gunia zima. Mwongo huyo.

Sikiliza. Mishumaa ikiwaka, sisi wanawake hatugusi kazi, si sindano wala sufuria. Hiyo nusu saa kaa nao chini. Na usimkimbize mtoto wa watu kama kuku wa Ijumaa.

Mama yako

Safed, 12 Desemba 1963

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Afya ipo, ila juzi nimeaibika. Elkana alipowasha mshumaa wa kwanza nilizima taa ya umeme, maana palipendeza mno, nikafungua kitabu nikaanza kuwasomea.

"Haifai," Tirtsa akasema. "Mwanga wa Hanuka ni wa kutazama tu, hausomewi. Hata Nadav anajua."

"Mimi sijui," Nadav akasema.

Tirtsa akaenda kukaa koridoni. Nami nilijua tangu utotoni, Mama. Mapenzi yamenipumbaza.

Jana nikasimulia bila kitabu: hekalu, kichupa cha mafuta ya siku moja kilichowaka siku nane, kisha shujaa Elazari aliyeingia chini ya tembo wa vita wa adui na kumchoma upanga, tembo akamwangukia. Nadav akaanza kulia. Sauti ikatoka koridoni:

"Tembo hakufa. Alisikia harufu ya maandazi, akarudi kwao."

"Nani kasema?"

"Mama."

Kisa hakiko hivyo, nawe unajua. Nikauma ulimi. Nikamwambia, "Basi mimi nilifundishwa vibaya. Njoo utusimulie wewe."

Hakuja.

Binti yako,
Zohara

Safed, 18 Desemba 1963

Mama mpendwa,

Hamjambo huko? Hapa tumeshiba mafuta hadi masikioni. Jana tuliwasha mishumaa yote minane.

Siku ya tatu Tirtsa alisimulia akiwa mlangoni. Ya nne, kwenye zulia. Tangu ya tano ameketi kwenye kiti changu, nami nipo sakafuni na Nadav, mikono imelala mapajani. Tembo hapiti njia moja mara mbili. Jana kaingia dukani kwa muuza samaki wa Tiberia. Nadav akauliza mama yao alikuwa anacheka vipi hapo. Tirtsa akafikiri, kisha akamwonyesha. Elkana akavua miwani akaifuta muda mrefu. Nilidhani nimeolewa na mmoja, kumbe ni watatu, na wote nawapenda.

Ameniomba kalamu. Haya ni yake, sijasahihisha kitu:

Bibi, hujambo. Zohara anasimulia vibaya lakini anasikiliza vizuri. Nadav alikula maandazi saba akatapika. Mimi nilikula manne. Njoo Pasaka.

Mjukuu wako,
Tirtsa