Kitako cha Bakuli la Rajabu

Rajabu, ndugu yangu,

Mola akuangazie huko uliko. Nakuandikia kitandani, Nalufenya, dirisha likiwa wazi, na uani gurudumu la kufinyangia linazunguka. Anayelizungusha ni Zaituni, binti yako. Amekuja kutoka Mbale kuniuguza, na hapa ameanza kujifunza udongo. Nataka kumaliza kabla gurudumu halijasimama.

Wiki iliyopita daktari alinigonga mgongoni kwa vidole viwili, akatega sikio. Akagonga tena palepale. Akaandika dawa tu. Lakini nimegonga vitako vya mabakuli maisha yangu yote. Najua sauti ya kitu kilichobaki chembamba.

Unakumbuka kwa Afande, Mafubira? Hakuwa askari hata siku moja, ila alitufundisha ufinyanzi kwa amri, na jina likamganda. Kuinua udongo ukawa ukuta mwembamba tulijua mapema. Kilichotutesa ni kupunguza: kupindua bakuli likiwa limekauka nusu, kukwangua kitako kwa kitanzi cha waya, kugonga, kusikiliza. Likitoa sauti nzito, bado. Sauti ikianza kupanda, acha. "Mkono mjinga," alisema. "Sikio ndiyo fundi." Wewe uliacha kukwangua pale hasa. Mtu akiinua bakuli lako, mkono ulipaa kuliko alivyokusudia.

Gurudumu lilikuwa moja na sisi wawili. Afande alisema atakunywa chai katika bakuli la kila mmoja, kisha achague wa kubaki.

Ulipokwenda kuswali alasiri, bakuli lako lilikuwa bado kwenye gurudumu, limeshikiliwa na vidonge vya udongo. Nililizungusha. Nikakwangua mara mbili tu. Nikagonga, likalia juu sana. Nikazoa maganda ya udongo, nikatawadha, nikaja kusimama nyuma yako.

Tanuri halikulipasua. Chai ndiyo ililipasua. Kitako kilidondoka na chai ikamwagikia mapaja ya Afande. "Rajabu! Masikio yako iko wapi?" Uliokota kipande, ukakigonga kwa ukucha, ukasema polepole, "Kweli. Sikusikia."

Ukaenda Mbale kuuza nguo. Udongo hukuugusa tena. Kila Idi ulinitania, "Fundi Yunusi, mtu wa masikio!" Nami nilicheka. Nilibeba jeneza lako na sikusema.

Ulisikia, Rajabu. Ulisikia vizuri. Ni mimi.

Ningeweza kufa nalo, Mungu anisamehe, nilishakusudia hivyo. Lakini juzi Zaituni alinionyesha bakuli alilolipunguza. Zito. Nikamwambia akwangue zaidi.

"Hapana, Baba mdogo, itatoboka. Mzee wetu alituambia, sisi wa nyumba yake masikio hatuna."

Nilimwambia afumbe macho agonge. Akagonga, akaweka kidole penye unene, palepale. Kisha akacheka, "Nimebahatisha tu." Anasema nikipata nafuu atarudi Mbale kwenye duka lako, na udongo ataachana nao.

Nafuu. Uji wangu ananiletea katika bakuli nililofanyia mtihani ule wa Afande. Leo asubuhi alipoliweka mezani alisita. Akaligonga ukingoni, akagonga tena, akanitazama.

"Baba mdogo, hii iko na ufa."

Niligonga mimi. Sikusikia kitu. Nikalishika kwenye mwanga, nikageuza na kugeuza, sikuona ufa wowote. Nikanywa. Nilipomaliza, chini yake kitambaa cha meza kilikuwa kimelowa.

Kwa hiyo nakuaga, ndugu yangu, na nakuahidi hili: akiingia nitamwambia yote, hata kama atafunga mzigo wake leo aniache na kifua hiki peke yangu. Nikishindwa kusema, barua iko juu ya shuka, wazi, na sitaikunja. Tukikutana usinipe mkono kwanza. Nigonge, usikilize.

Gurudumu limesimama. Nasikia ananawa mikono.

Yunusi