Kasuku Aliyeitwa Huru

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu tele kama povu la sabuni. Mimi mzima kuliko daktari. Wewe je? Na goti la mama?

Kama kuna mtu aliyezaliwa kaikumbatia bahati, ni kaka yako. Hapa kiwandani kwa dobi mimi ndiye mfalme wa pasi. Shati likiniona linajikunjua lenyewe. Tajiri ananipenda mpaka pasipoti yangu kaifungia kwenye kasha lake la chuma, isije ikaliwa na panya. Nalala hapahapa kazini, sihangaiki na barabara. Msimamizi wetu anajua lugha yetu, tena msomi, na barua zetu anazipeleka posta mwenyewe. Nimeshiba, sina shida.

Kaka yako

2 Machi

Kaka, shikamoo.

Sote wazima. Goti la mama ndilo lenye kiburi.

Juni nina mtihani wa fasihi. Kwenye riwaya yetu, Subira kafungiwa ndani na mumewe, Fadhili, naye anahesabu siku tu. Barazani kuna kasuku tunduni, jina lake Huru, na kila Fadhili akipita anapiga kelele: "Nimeshiba, sina shida!" Mwalimu anasema majina yameficha maana, tuitafute. Fadhili hana fadhila hata chembe, hilo nimeliona. Kasuku kanishinda. Wewe uliyeona dunia, nisaidie.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi ni chuma.

Umemuuliza mwenyewe! Shule niliishia pale walimu walipochoka, lakini hili nalijua. Mvivu ataandika kwamba kasuku ni kichekesho. Wewe usiandike hivyo. Jiulize: maneno yale anayasema akipita nani? Na Fadhili akitoka, kasuku anasema nini?

Halafu huyo mwandishi kakosea kuhusu Subira, eti anahesabu siku. Mtu wa ndani hahesabu siku. Anajua funguo. Huu wa ghala, huu wa jikoni, huu wa kwangu. Anaujua kila mmoja kwa mlio wake, kama wewe unavyokijua kikohozi cha mama.

Mimi nimeshiba, sina shida.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula.

Barua yako imefika na nyongeza. Pembeni mtu kaandika kwa wino mwekundu: "Si kweli. Kasuku ni ishara ya utii na shukrani. Rejea sura ya nne." Wewe hata nyumbani hukuwa unarejea kwa wakati, sembuse sura ya nne. Mfikishie msimamizi shukrani zangu. Kweli ni msomi.

Nimezisoma upya barua zako zote, kwa ajili ya mtihani. Kasuku sasa namwelewa. Limebaki swali moja. Mwishoni tundu linafunguliwa na muuza maji, mtu asiye na jina, anayeingia na kutoka uani bila kuangaliwa. Mwalimu anauliza ana maana gani. Usiniharakishie jibu. Mtafute kwanza.

Mdogo wako

17 Agosti

Mdogo wangu,

Najua umefaulu, huna haja ya kuniambia.

Msimamizi alizisoma sifa zake mara tatu, akavimba kama andazi. Hakushtuka.

Muuza maji nimempata. Ni mleta mitungi ya gesi, huingia kila Jumanne. Lugha yetu haijui. Nilianza kwa kumwinamishia kichwa, nikaja nikampigia pasi koti lake, mpaka na yeye akaniinamia. Miezi mitatu hiyo. Leo barua hii inatoka ndani ya soksi yake. Naiandika chooni, kwenye karatasi ya kufungia mashati, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Anwani ya hapa nimeinakili nyuma, kutoka kwenye risiti za wateja. Ipeleke ubalozini, na polisi pia. Tuko saba. Mama msomee salamu tu.

Ile barua ya Februari, ya bahati na panya, ni uongo mtupu. Nimefungiwa tangu siku niliyofika.

Kaka yako