Mashine ya Viazi ya Mama

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nafuu kuliko wiki iliyopita. Mimi mzima; kazi ya kufua mashuka ya wagonjwa haijaniua bado.

Fundi cherehani, jirani yako, ameniambia kwamba tangu utoke hospitali unaishi kwa chai na mkate anaokuletea yeye. Mama, wewe! Uliyewapikia watu wa reli miaka ishirini na tisa! Najua tangu kile kiharusi mkono wa kulia umegoma kushika kisu, na najua hutaki simu kwa sababu ulimi bado mzito. Ndiyo maana naandika.

Humu kwenye kifurushi kuna mashine ya kukata viazi nyuzinyuzi. Chini ina raba, inanata mezani. Unachomeka kiazi kwenye meno yake, unazungusha mpini, kinatoka kama tambi. Kisu hakihitajiki. Kata nyuzi kwa mkasi, tia chumvi, bandika kikaango. Basi.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao, kitinda mimba

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, napumua. Mwandiko uvumilie, ni wa mkono wa kushoto.

Kidude kimefika, nimekirudisha kwenye boksi lake. Mimi niliyekuwa namaliza gunia la viazi kabla jua halijachomoza, leo unanitumia kitu cha kuchezea? Ungetaka kunisaidia ungekuja nilipoanguka.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole na maumivu.

Ni kweli, sikuja. Mkataba ulisema nikiondoka kabla ya miezi sita kazi sina. Nikachagua kazi, na kila asubuhi namchukia aliyechagua. Mashine itupe ukitaka. Ila kula, Mama. Nakuomba.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu mpenzi,

U hali gani huko? Unalala vizuri? Miezi miwili hujaandika, na sikulaumu. Barua yangu ile ilikuwa na miiba.

Sikiliza yaliyotokea. Fundi cherehani aliugua kifua. Siku ya kwanza hakuja na mkate, nikanuna. Siku ya pili nikamsikia anakohoa nyuma ya ukuta, cherehani kimya. Nikajiambia, mtu huyu amenilisha miezi mitatu, nami nimekaa hapa namnunia mgonjwa! Nikatoa kidude chako kwenye boksi.

Viazi sikumenya, nilivisugua kwa brashi. Mkono wa kushoto ukasukuma kiazi, wa kulia nikauweka kwenye mpini. Ulikwama, ukaenda, ukakwama tena. Lakini ulizungusha, mwanangu! Kiazi kimoja robo saa, jasho mpaka kwenye kope.

Cha kwanza kikaharibika. Hukuniambia nikamue maji, na mimi mpishi mzima nikasahau! Kikawa uji wenye nywele. Sasa utakamuaje kwa mkono mmoja? Nikafunga nyuzi kwenye kitambaa safi, juu yake ubao wa kukatia, na juu ya ubao nikakaa mimi. Maji yakatoka yote. Fundi asijue kamwe.

Nikatia chumvi na pilipili manga, mafuta yakapata moto sawasawa, nikatandaza nyuzi na kuzikandamiza kwa mfuniko. Kisha nikaacha bila kugusagusa, mpaka kingo zikawa kahawia. Kugeuza nilitumia sahani. Vikalia kachu-kachu kama majani makavu. Nikamgongea fundi. Alikula akiwa amejifunga blanketi, halafu akauliza, "Kimebaki kingine?"

Nilirudi chumbani nikalia kidogo, kilio kizuri.

Sasa nikuambie ukweli. Sikukasirikia mashine. Nilikasirika kwa sababu ulijua kabla yangu kwamba mimi na kisu tumeachana. Na ungeacha kazi ukaja, ningekufukuza kwa mwiko. Basi acha kumchukia binti yangu.

Mama yako

12 Juni

Mama yangu,

Shikamoo mara mia. Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kufulia, nikacheka ulipokalia ubao, halafu nikajificha nyuma ya mashuka ili msimamizi asione macho yangu.

Miezi sita imetimia. Nimepewa likizo ya wiki tatu. Nafika Jumamosi, tarehe tano mwezi ujao, asubuhi. Utanipokea?

Kitinda mimba wako

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, na fundi mzima, anakusalimu.

Jumamosi hiyo nyumbani hutanikuta. Fundi ana domo. Amemsimulia mkuu wa kantini ya reli, naye akaja mwenyewe kuonja. Ameniomba nisimamie kifungua kinywa Jumamosi zote. Visu watashika wengine, mimi nitaonja na kugomba.

Ukishuka, njoo moja kwa moja jikoni kantini, mlango wa nyuma. Usile njiani.

Mama