Hatua Tisa Kutoka Majini

Minago, Rumonge

Babu yangu, mume mwenzangu,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta unapumua, maana ukinitangulia nitamwoa mke wetu na hutakuwepo kulalamika. Goti la kushoto linasemaje? Bibi bado anakuficha asali? Mimi ni mzima na nimeota misuli. Katika vijana wote wa ufukwe huu hakuna anayekamua mawese kama mimi, waulize. Kikohozi kimenishika kidogo kwa moshi wa mapipa, lakini hata kukohoa nawashinda kwa sauti.

Na wewe katekista unayemsomea, soma polepole, usiruke mstari hata ukiona aibu. Ningeweza kupiga simu yako. Ila kwenye simu mdomo wangu hunitangulia, na haya nataka niyaseme nimekaa.

Nafanya kazi kwa Mama Zena, mama wa mjini Rumonge ambaye wazee wake walitoka Kongo. Ana mtambo wa kukamua mawese hapa Minago. Tuko vijana wanne, tunasukuma mti wa mtambo tukizunguka kutwa nzima. Nikichoka kusukuma nawapa jiografia. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nilichokwisha kula hawakunitapisha. Nawaambia: Tanzania ukipanda basi alfajiri, ukasinzia humo, ukaamka, bado ni Tanzania. Kuna mlima una barafu kichwani na jua linauchoma hapo hapo. Kuna dhahabu, kuna almasi, kuna gesi chini ya bahari, kuna na kito cha buluu ambacho Mungu alikiangusha pale tu, kwingine kote akasahau. Kwetu Mishamo, nawaambia, miombo haina mwisho, na mvua ni moja kwa mwaka lakini ikija inakaa kama mgeni aliyependa mboga. Hata ziwa hili, sisi tuna mnofu, ninyi mmepewa mkia.

Juzi Mama Zena akanyoosha mgongo, akafuta mikono, akaniuliza: "Sasa weye mutoto wa Tanzania, mu hiyo nchi yote unatutajia, weye uko na kipande gani?"

Wakacheka mpaka mtambo ukasimama. Nikaushika mti wa mtambo, Babu, nikausukuma peke yangu.

Maana ni kweli. Wakimbizi wenzako walipochukua uraia wa Tanzania, wewe ulikataa. Ukasema una kwako, una hatua themanini Burundi. Huko Mishamo hukupanda hata mparachichi. "Sipandi mti wa miaka kwenye nchi ya watu," ndiyo ilikuwa sala yako. Ulilima mahindi na mihogo tu, vitu vya kung'oa na kuondoka. Na jioni ulinisimamisha kwenye shamba la mahindi ukanifundisha: ingia majini mpaka yakushike vifundo vya miguu, geuka, ipe mgongo milima ya Kongo, hesabu hatua themanini za mtu aliyeshiba, utafika kwenye jiwe lenye mashimo saba ambamo mama yako wewe, Babu, alikuwa akivunjia kokwa za chikichi. Hapo ndipo kwetu panapoishia. Kati ya mchikichi wa tatu na wa nne amelala yeye mwenyewe, na hapo ndipo na wewe unataka kulala.

Siku niliyofika nilifanya vilevile. Niliingia majini, nikaipa mgongo Kongo, nikahesabu. Hatua ya tisa nikajigonga muundi kwenye jiwe. Nikasema hili si lenyewe. Nikahesabu mashimo: saba. Nikarudi majini nikaanza upya, nikafupisha hatua, nikatembea kama bibi harusi. Haikusaidia.

Upande wa juu wa jiwe kuna nyumba ya mtu anaitwa Deo. Alikuwa kaegemea mlango ananitazama ninavyocheza ngoma yangu.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Shamba la babu yangu."

Nikamtajia jina lako na hatua zako. Akapiga mluzi.

"Babu yako alikuwa mutu mukubwa. Shamba yake iko pale." Akanyoosha kidole ziwani, penye vigogo vya michikichi visivyo na vichwa, ndege wamevikalia. "Azima mutumbwi, uende kulima."

Nilitaka kumpiga. Yeye akaingia ndani akatoka na ugali wa muhogo na samaki mukeke wa kuchoma, tukala. Akaniambia ziwa limepanda miaka na miaka. Mvua kubwa zikija linapanda, jua likija halirudi lilikotoka. Wapo wanaosema mto unaoyatoa maji kule Kongo umejaa tope, wapo wanaosema ni Mungu. Nyumba tatu za chini yake zimekwenda, misikiti na makanisa watu wameomba kote kote. Yeye mwenyewe amekwishatoa milango ya nyuma, tayari kwa kuhama. Akanionyesha na makaratasi yake: kuanzia kwenye jiwe kwenda juu ni pake, amenunua. Nilikwenda hata ofisi ya ardhi. Karani akaomba hati, nikamwambia tuna jiwe. Akaandika jina langu kwenye daftari, murakoze, asante, kwa heri.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Siku ile ile niliyofika nilimpigia katekista, mkawa wote mmeizunguka simu. Nikapiga kelele: "Nimelipata jiwe! Mashimo saba, Babu! Na maji yako karibu!" Bibi akapiga vigelegele. Sikudanganya neno hata moja. Ila baada ya vile vigelegele ningesemaje? Nikasema kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Nikajidai ni mtandao.

Wiki hii mama mmoja muuza vitenge, ndiye anayekuletea barua hii, amefika kutoka huko. Kaniambia amekuona. Umeezua nyumba. Mabati umeyafunga kamba za katani, mnalala chini ya turubai wewe na mke wetu, unawaambia wapita njia kwamba lori la kwenda kwenu liko njiani na mjukuu wako amekwisha kushika shamba. Ule mdomo wangu, Babu, ndio umewatoa chini ya paa.

Usije. Sina neno tamu la kuweka mbele wala nyuma ya hilo. Nimelitafuta kwa siku tatu. Kule kukubwa huna hata shubiri yenye jina lako, na huku kudogo palipokuwa pako samaki wanapita juu ya mama yako. Ningesema tutapata kwingine, lakini nimeona wanavyoligombea hata tuta moja la mihogo. Na nikisema nitapambana, utajua ni mimi yule yule wa kwenye simu.

Ezeka tena nyumba kabla ya mvua. Yageuze mabati, matundu ya misumari uyazibe kwa lami. Misumari ya zamani usiitupe, inyooshe. Usipande juu mwenyewe na goti hilo, mwite mjomba Safari, fundi wa madirisha.

Mpe pole mke wetu, mwambie kwa vigelegele vile namwomba msamaha. Msalimie mama yangu, na shangazi Modesta mwenye mizinga, aniwekee sega moja hata kama sijui nitalila lini. Mimi nabaki kwa Mama Zena, kwa kuwa nauli ya kurudi na aibu hii bado sina.

Ni mimi mume mwenzako, mwenye mdomo,
Ezekieli

Kabla ya kuifunga barua nimeshuka kuhesabu tena, Deo akiwa shahidi. Ni tisa, sijaongeza hata moja. Ila miguu yangu ni mirefu, Babu. Kwa yako labda zingefika kumi.