Kasha Alilokuja Nalo Bibi

Mount Dennis, Toronto

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na sasa unapanda barazani bila kushikwa mkono. Mimi mzima. Baridi ipo, na kazi karakanani ipo. Viti vya watu haviishi kuvunjika. Ningekupigia simu, lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo nitaanza kujitetea, na safari hii sina utetezi.

Ni lile kasha.

Unakikumbuka kikao cha baada ya arobaini ya mama. Ulisema maneno matatu tu: "Bibi alikuja nalo." Mimi nikasimama kama wakili. Nikasema kasha kalitengeneza babu, alama yake hiyo hapo kwenye droo, na kazi ya seremala inamfuata mjukuu aliyeshika randa. Nikalibeba mpaka huku, tena nimenuna, maana niliona mnanihesabu mtu wa kuombwa pesa, si wa kurithi.

Sasa watu wa pwani tulioko hapa wanaandaa maonyesho ya vitu vya nyumbani, wakanitaka ukurasa mmoja wa historia ya kasha. Jumamosi nikaenda maktaba. Mkutubi ni Bi Gulshan, mama wa Kiismailia, mzaliwa wa Dar.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Kitabu kinachoonyesha kuwa kasha hili ni kazi ya babu yangu."

Akacheka. "Basi utafiti umeshamaliza, umekuja kugongewa muhuri!"

Akaniletea kamusi ya sanaa. Mimi, mwenye mafundi sita chini yangu, nianze na kamusi! "Kwanza ujue kitu chenyewe kinaitwaje," akasema. "Kisha ensaiklopidia. Mwisho wa makala kuna orodha ya vitabu, hiyo ndiyo itakupeleka mbele. Babu atasubiri."

Nikasoma kwa hasira. Ensaiklopidia ikasema makasha ya msaji na shaba ya pwani yetu mengi yalitengenezwa India na Ghuba. Nikajiambia, mengi si yote. Orodha ikanipeleka kwenye katalogi ya makumbusho, na humo nikakuta picha ya kasha kama letu: droo tatu chini, maua yale yale ya misumari. Pembeni wameandika kwamba bibi harusi alihamia nalo kwa mumewe, vitu vyake vikiwa ndani.

Nikafunga kitabu. Bi Gulshan akaniuliza, "Vipi, babu umempata?"

"Nimempata bibi."

Nikarudi nyumbani, nikalilaza kasha ubavu, nikahesabu. Misumari mia nne na kumi. Mia tatu tisini na sita ina vichwa vilivyosagika sawasawa. Kumi na minne ni ya namna nyingine, yote kwenye droo ya kati, penye alama ya babu, na sakafu ya droo hiyo ni mvule mtupu, mbao ya kwetu, si msaji kama kasha zima. Babu alimtengenezea mkewe droo iliyovunjika, basi. Miaka sita nimelitazama sebuleni, dada, na kutambua kiraka cha fundi mwenzangu ndiyo kazi inayonilisha. Sikutaka kuona. Nilikunyang'anya mbele ya shangazi zetu, kwa sauti kubwa, na nilikuwa nimekosea.

Watu wa maonyesho watapata picha. Kasha lenyewe nimeshalifunga kwa blanketi na mbao, linarudi kwako kwa meli. Katika ule ukurasa nimeandika jina la bibi juu, la babu chini kwa ile droo. Katikati nimeacha wazi: alitokea kwa nani, alifika nalo mwaka gani, alikuwa anaweka nini humo. Vitabu havijui. Wewe uliyelala naye chumba kimoja unajua, na sikuwahi kukuuliza. Ukiona nastahili, niandikie.

Nisalimie shemeji Rajabu, na Zuhura mwanao, mwambie mjomba ameshindwa kesi. Shangazi waliokuwepo kikaoni wasomee barua hii yote, usiruke mahali.

Ufunguo nimeutia humu ndani ya bahasha. Meli itachelewa, angalau huu uwe mkononi mwako.

Mdogo wako mwenye aibu,
Hamisi